Uhai wa Damu na Umbali wa Mashine: Hoja juu ya Maabara ya Ushirika na Haki ya Isiolo

Wengi wanaoandika juu ya maabara za ushirika, yaani zile ambazo vyombo vyake vya thamani hununuliwa mara moja na kutumiwa na watafiti wa taasisi nyingi kwa zamu na kwa ujira wa saa, huanza kwa kuuliza mashine ni ya nani na imewekwa mji gani. Na kwa kuwa jibu katika Kenya aghalabu ni Nairobi au Kilifi, hukata shauri kwamba mji kama Isiolo umedhulumiwa, na kwamba dawa ya dhuluma hiyo ni kuupelekea mashine yake. Kwa nadhari yangu swali hilo limekosea mlango. Chombo cha kupimia seli hai hutumikia kitu kinachokufa, na insafu ya ushirika wake yapasa ipimwe kwa saa zilizosalia katika uhai wa damu inapokifikia.

Chombo hicho, saitomita, huzipitisha seli moja moja katika uzi mwembamba wa maji mbele ya mwali wa leza, ikisoma kwa kila seli ukubwa wake, wingi wa punje zilizomo ndani yake, na rangi za mng'ao zilizofungwa juu yake kwa kingamwili. Na maadamu hufanya hivyo kwa maelfu ya seli kila sekunde, huweza kulitambua kundi dogo ambalo jicho la mwanadamu lingelipita. Elimu hii ina nasaba ndefu: Albert Coons alifunga rangi ya mng'ao kwenye kingamwili huko Harvard mwaka 1941, Mack Fulwyler akaunda mashine ya kutenga seli huko Los Alamos mwaka 1965, na Leonard Herzenberg na wenzake wa Stanford wakayaoanisha mambo hayo mawili miaka michache baadaye. Kenya haikukaa nyuma. ILRAD, maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1973 na ambayo sasa imo ndani ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ilitengeneza katika miaka ya 1980 kingamwili za kupambanua aina za limfosaiti, seli nyeupe za kinga, za ng'ombe, na kwa hizo ikadhihirika kwamba ng'ombe anayepata kinga ya ndigana kali hulindwa hasa na limfosaiti zinazoua seli zilizovamiwa na kimelea *Theileria parva*.

Amma Isiolo, iko kadiri ya kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, na damu iliyotolewa huko kwa ajili ya saitomita hutakiwa ishughulikiwe aghalabu kabla ya saa 48, isiingie katika joto kali wala isitiwe barafuni, kwa kuwa vyote viwili huziharibu seli zinazotafutwa. Mtu asiseme kizuizi ni barabara, kwa sababu maziwa ya ngamia yanayokusanywa na vyama vya akina mama wa Isiolo husafiri kila siku kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kunywewa. Kizuizi ni yale yasiyoandikwa katika bajeti: mtaalamu wa maabara aliye Isiolo awezaye kuitia damu dawa ya kuhifadhi seli saa ile ile inapotolewa, sanduku linalodumisha kiasi cha joto, na zamu iliyowekwa kwenye mashine kabla sindano haijaingia mshipani. Pasipo hayo, kalenda ya zamu hujazwa na wanaokaa karibu, na damu ya mbali hufika ikaikuta foleni.

Kuipeleka saitomita Isiolo hakutaondoa taabu hiyo, kutaihamisha tu. Mashine hii hudai kusawazishwa kila siku kwa shanga maalumu za mng'ao, maji safi yasiyo na vumbi, umeme usioyumba, fundi wa kuitwa, na zaidi ya yote mtu anayejua kuyasoma matokeo yake. Nayo isipotumiwa kila siku, mirija yake huziba. Hadubini ya mng'ao ni habari nyingine. Zamani taa yake ya zebaki iliishi kadiri ya saa 200 na kuhitaji chumba cha giza, lakini taa za LED hudumu maelfu ya saa na huweza kuendeshwa kwa betri, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani likazipendekeza mwaka 2011 kwa kuchunguza makohozi ya kifua kikuu. Na hata sasa, ambapo vipimo vya vinasaba vimetangulizwa katika kuutambua ugonjwa, hadubini ndiyo inayofuatia hali ya mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa. Mgonjwa huyo hawezi kungojea basi. Hadubini na iwe Isiolo, saitomita na ibaki Nairobi.

Najua nitaambiwa kwamba huku ni kuwapa watu wa kaskazini kilicho duni. Walakini sotoka, maradhi ya ng'ombe ambayo mara ya mwisho ilionekana duniani mwaka 2001 katika Mbuga ya Meru, jirani kabisa na Isiolo, ilishindwa kwa chanjo ya Walter Plowright iliyobuniwa Muguga na baadaye kutengenezwa upya ivumilie joto kwa majuma kadhaa bila barafu, ikabebwa na wahudumu waliotoka miongoni mwa wafugaji wenyewe. Hakuna aliyeiita chanjo hiyo duni.

Ikiwa dhuluma ipo, basi iko kwa ngamia. Mwaka 1993 Raymond Hamers na wenzake wa Brussels walitangaza kwamba damu ya mnyama huyu ina kingamwili zisizo na minyororo myepesi, na kipande chake kiitwacho nanobodi, chenye uzito wa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya kingamwili ya kawaida, sasa hubeba rangi za mng'ao hadi mahali pembamba mno ndani ya seli chini ya hadubini za ulimwengu mzima. Ilhali anayetaka kuzihesabu limfosaiti za ngamia mwenyewe hukuta vitendanishi vichache, vingi vikiwa vya kuazima kwa ng'ombe, ambavyo baadhi hushika na baadhi havishiki. Saitomita ya Nairobi ingeanza kuitumikia Isiolo kwa kuvijaribu vitendanishi hivyo kimoja kimoja juu ya damu ya ngamia na kuwakabidhi watafiti wa kaskazini orodha ya vinavyoshika. Kazi hiyo haidai jengo wala mashine mpya, ila ngamia kadhaa, zamu za kutosha, na fungu la fedha ambalo wafadhili hulisahau kwa kuwa halina utepe wa kukatwa.