Malaika Weusi wa Staten Island

Mwaka 1929 wauguzi Wazungu wa Hospitali ya Sea View, New York, walianza kuacha kazi mmoja baada ya mwingine. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1913 katika kisiwa cha Staten Island, ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu, na dawa haikuwapo. Mgonjwa alilazwa, akalishwa, akafunguliwa madirisha apigwe na baridi. Aliyemuuguza aliweza kuugua vilevile.

Jiji likawageukia wauguzi Weusi wa majimbo ya Kusini, ambako sheria za ubaguzi ziliwafungia milango ya hospitali za Wazungu. New York nako hakukuwa peponi: katika hospitali 29 za jiji, ni 4 tu zilizowaajiri. Wakaahidiwa mshahara na mahali pa kulala, na wasiosomea uuguzi wakaahidiwa mafunzo katika mtaa wa Harlem, jijini humo. Tusidanganyane: nafasi ilipatikana kwa sababu wenzao wameikimbia.

Kazi ilikuwa kumwaga vikopo vya makohozi, kutandua mashuka yenye damu, kukesha na anayekata roho. Lakini ilikuwapo kazi nyingine, ambayo haikulipiwa. Mgonjwa Mzungu ambaye huko mtaani asingekubali kula meza moja na muuguzi Mweusi anamkoholea usoni, pengine na tusi juu. Muuguzi anaimeza hasira, analainisha sauti, anamgeuza ubavu. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild, akiandika juu ya wahudumu wa ndege, aliiita kazi ya namna hiyo kazi ya hisia. Hospitalini ilihesabiwa kuwa huruma ya kike tu, na kwa mwanamke Mweusi ilidaiwa mara mbili, maana tangu enzi za utumwa alitakiwa kulea watoto wa waliomnyanyasa.

Mwaka 1951 madaktari Edward Robitzek na Irving Selikoff walianza kuijaribu dawa ya isoniazidi hapo Sea View kwa wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa. Waliokuwa nao usiku na mchana ni wauguzi: wao walitoa vidonge, walipima joto, waliona nani leo kamaliza sahani. Februari 1952 habari za mafanikio ya dawa hiyo zilipotangazwa, magazeti yalichapisha picha za wagonjwa wakicheza dansi wodini. Sifa zikaenda kwa madaktari. Wauguzi wakabaki na jina walilopewa na wagonjwa wao, Malaika Weusi. Malaika, bahati nzuri kwa mwajiri, hadai nyongeza.

Sea View ilifungwa mwaka 1961, wagonjwa wakiwa wamepungua kwa dawa ileile. Kisa cha wauguzi hao hakikujulikana sana hadi miaka ya karibuni, kiliposimuliwa na wachache waliobaki, akiwamo Virginia Allen, aliyeingia wodi ya watoto mwaka 1947 akiwa na miaka 16.