Mafunzo ya madaktari: Kutoka melini hadi wodi ya Kombewa

MAFUNZO endelevu ni elimu ambayo daktari, muuguzi au mkunga huipata baada ya kuhitimu ili ujuzi wake usichakae. Nchini Kenya si hiari: daktari hana budi kukusanya alama 50 kila mwaka ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) limhuishie leseni.

Nchini Marekani, baadhi ya mafunzo hayo hutolewa katika meli za utalii zinazozuru visiwa vya Karibi au pwani ya Alaska, na afya ya wanawake ni miongoni mwa mada zake. Mihadhara hufanyika meli ikiwa safarini. Inapotia nanga, madaktari na jamaa zao hushuka kutembea. Sheria ya kodi ya huko imeiwekea anasa hii mipaka. Gharama ya mikutano ya melini inayoweza kuondolewa katika hesabu ya kodi haizidi dola 2,000 kwa mwaka, tena meli sharti iwe imesajiliwa Marekani na itie nanga katika bandari za nchi hiyo na himaya zake pekee.

Iwe melini au nchi kavu, elimu yenyewe haiwezi kusubiri. Chukua mfano wa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kwa miaka mingi wakunga walifundishwa kuwa hatari huanza damu ikifika mililita 500, na wengi waliikadiria kwa macho tu. Mwaka 2023, utafiti wa E-MOTIVE uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha njia bora: damu ikingwe katika mfuko wenye vipimo, na ikizidi, mama apewe matibabu yote kwa pamoja. Matibabu hayo ni kukandwa mji wa mimba, dawa za oksitosini na asidi ya traneksamiki, kutundikiwa maji na kuchunguzwa. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri hatua zianze hata damu ikifika mililita 300, iwapo mapigo ya moyo au shinikizo la damu si ya kawaida. Mkunga asiyepata habari hizo atangoja huku mama akizidi kuishiwa damu.

Kombewa, katika eneo la Seme, Kaunti ya Kisumu, si ngeni kwa sayansi. Kituo cha utafiti kilichoko huko kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Hata hivyo, muuguzi wa hospitali ya mashambani akiondoka kwa wiki nzima, zamu yake hubaki na pengo. Kwake yeye, mazoezi mafupi yanayorudiwa wodini, pamoja na wenzake watakaosimama naye usiku wa dharura, yana manufaa kuliko mihadhara ya mbali.

Alama hupatikana kwa njia zote mbili. La kuulizwa ni iwapo mfuko wa kupimia damu upo wodini, na iwapo aliye zamuni anajua kuutumia.