Kivumishi "-kubwa" Kitale na Bungoma: Kosa au Historia?

Mhakiki akutanapo na mhusika wa Kitale au Bungoma asemaye "mti kubwa" badala ya "mti mkubwa", mara nyingi hulaumu lugha ya mama. Makala haya yanapinga rai hiyo.

Kwanza, Lubukusu, lugha ya wengi katika kaunti ya Bungoma, kina upatanisho wa ngeli ulio imara. Nomino zake nyingi hubeba viambishi viwili, kama "kumusala" (mti) na "kimisala" (miti), na vivumishi hufuata. Azoeaye upatanisho huo hawezi kusemwa kuwa haufahamu.

Pili, tuiangalie historia. Kuanzia 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu mashamba ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Wabukusu walikutana huko na Wasabaoti, Wanandi na Waturkana, ambao lugha zao hazina ngeli za Kibantu. Lugha ya amri ikawa Kiswahili kilichorahisishwa, kiitwacho Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha Kiswahili cha bara kilichowalenga askari, masetla, wachimba madini na wafanyabiashara.

Lakini kwa nini umbo "kubwa" ndilo lililoshinda? Kwa maoni yetu, ni kwa kuwa ni sahihi penye nomino zilizotawala maisha ya shambani: shamba kubwa, nyumba kubwa, kazi kubwa, barabara kubwa, trekta kubwa. Msemaji hakukiondoa kiambishi. Alilieneza umbo alilolisikia zaidi.

Umbo moja, hata hivyo, lilihifadhi kiambishi chake: "bwana mkubwa". Hilo halikuwa maelezo ya kimo bali cheo, na hadi leo "mkubwa" ni mwenye mamlaka kazini. Hivyo sarufi ya shambani ilimpa mwajiri upatanisho kamili, ilhali mti, mto na mzigo vyote vikawa "kubwa" tu.

Tangu 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa, mwalimu hana budi kusahihisha umbo hilo katika insha. Wajibu wa mhakiki ni tofauti. Katika riwaya au tamthilia, mhusika asemaye "mti kubwa" kisha akamwita mwajiri wake "mkubwa" hadhihirishi ujinga wa sarufi. Anabeba kinywani historia ya ardhi na kazi. Mhariri amsahihishaye huifuta historia hiyo.