Nyundo, Utepe na Herufi Safi

Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika kwenye kompyuta, Tanzania ilizuia mashine hizo zisiingizwe bila kibali maalumu. Kwa hiyo wenzetu Ulaya walipoanza kubishana kuhusu printa ya nyumbani, mwandishi wa Masasi au Newala alikuwa bado na taipureta yake. Je, alipunjwa? Tuone.

Epson MX-80 ya mwaka 1980 ilichora herufi kwa pini 9: bei nafuu, lakini nukta tupu. Aina nyingine ilikuwa na gurudumu mfano wa ua, kila petali na herufi yake, nyundo inagonga petali kwenye utepe. Herufi safi kabisa! Ila ghali, polepole, na kelele usiseme. Mwaka 1985 Waingereza wakapata Amstrad PCW 8256, pauni 399 bila kodi, printa yake ya nukta humohumo. Waandishi wakaichangamkia.

Sasa lile gurudumu, kwa herufi peke yake, liliizidi nini taipureta? Nyundo ileile, utepe uleule. Tena taipureta ya mkono haidai umeme, inakata stensili, inatoa nakala za kaboni. Balaa lilikuwa kubadili jina la mhusika katikati ya riwaya: hapo, ndugu yangu, unapiga upya kurasa zote.