Maumivu ya Kifundo cha Mkono: Si Kila Maumivu ni Baridi Yabisi

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Juni na Julai, ukungu unapotanda juu ya mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe na wakazi wa Mbeya na Iringa wanapovaa makoti mchana kutwa, malalamiko ya maumivu ya viungo husikika zaidi. Maelezo yanayotolewa huwa yale yale: ni baridi. Hata jina ambalo Kiswahili kimeupa ugonjwa wa viungo, baridi yabisi, linaonekana kuthibitisha hivyo. Kwa sababu hiyo, mtu anayeumwa kifundo cha mkono hujipaka dawa ya kuchua, hujifunga kitambaa na kusubiri hali ya hewa ibadilike.

Ni kweli kwamba baridi huweza kukifanya kiungo chenye hitilafu kikakamae na kuuma zaidi. Lakini baridi haivunji mfupa, haibani neva wala haivimbishi kano. Sehemu kubwa ya maumivu ya kifundo cha mkono hutokana na mambo mawili: kuanguka, na kazi inayorudia mwendo mmoja kwa muda mrefu. Yote mawili hutibika vizuri yakitambuliwa mapema. Yakiachwa kwa miezi, mkono hupungukiwa na nguvu ambazo huenda zisirudi. Katika mikoa ambayo jembe, mundu na kikapu cha chai ndivyo vinavyoendesha kaya nyingi, hasara hiyo haimhusu mgonjwa peke yake.

Kiungo chenyewe

Kifundo cha mkono ni mahali kiganja kinapoungana na kigasha. Wapo wanaokiita kiwiko, ingawa wengine kwa neno hilo humaanisha pale mkono unapokunjwa katikati. Ni vyema mgonjwa anapofika kituo cha afya aoneshe kwa kidole mahali panapouma badala ya kutegemea jina.

Kifundo kina mifupa midogo 8 iliyopangwa kwa safu mbili, ikipakana na ncha za mifupa miwili mirefu ya kigasha. Upande wa kiganja, mifupa hiyo na utepe mgumu unaoifunika hufanya handaki jembamba. Ndani ya handaki hilo hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja inayotoa hisia kwa dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nafasi ni finyu kiasi kwamba uvimbe mdogo wa kano unatosha kuibana neva hiyo.

Anayeanguka na kujikinga kwa mkono

Mtu anapoteleza hutanguliza kiganja, na uzito wote wa mwili huishia kwenye kifundo. Hali hii hutokea mara nyingi kwenye miteremko ya Rungwe na Kilolo wakati wa mvua, na kwa madereva na abiria wa bodaboda katika barabara za udongo.

Mvunjiko unaojulikana zaidi ni wa ncha ya mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba. Kifundo hupinda mithili ya uma wa mezani uliolazwa kifudifudi, na hata asiye mtaalamu huona kwamba pameharibika. Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa kutumia macho na vidole vyake tu. Wanawake waliokoma hedhi wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwani mifupa yao hupungua uimara na anguko dogo la uani linaweza kuwavunja.

Mvunjiko wa pili ni wa hila. Kati ya ile mifupa 8 upo mmoja uitwao skafoidi, ulio chini ya dole gumba. Ukinyoosha dole gumba juu, huonekana kishimo kidogo kati ya kano mbili nyuma ya kifundo. Mfupa huo uko chini ya kishimo hicho. Huvunjika zaidi kwa vijana, na mara nyingi kifundo hakipindi, uvimbe huwa kidogo na mgonjwa huendelea na kazi akidhani ameteguka. Eksirei ya siku ya kwanza nayo inaweza isioneshe ufa wowote. Ndiyo maana mtu aliyeanguka, akibonyezwa kwenye kishimo hicho na kusikia maumivu makali, hufungwa plasta kwa tahadhari na kuitwa tena baada ya siku 10 hadi 14 ili apigwe picha nyingine.

Msisitizo huu una sababu. Damu huingia katika mfupa wa skafoidi kutoka upande mmoja, na ufa ukikata njia hiyo, kipande kimoja hubaki bila lishe. Mfupa usipotulizwa huweza kukosa kuunga kabisa, na miaka michache baadaye kifundo husagika na kukakamaa kwa kijana ambaye bado ana maisha marefu ya kazi mbele yake. Plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo, hukaa wiki 6 hadi 12 na wakati mwingine zaidi. Ni muda mrefu kwa mkulima, lakini wanaoivua wenyewe katika wiki ya tatu kwa sababu maumivu yamekwisha ndio wanaorejea na mfupa ambao haukuunga.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu kuchua. Waunga mifupa wa jadi wanaheshimika vijijini na wengi huwakimbilia kwa sababu wako karibu. Hata hivyo, kuchua au kuvuta kifundo kilichovunjika huweza kusogeza vipande vya mfupa na kujeruhi mishipa ya damu na neva. Kufunga kwa vijiti na kukaza mno ni hatari zaidi, kwani huweza kuzuia damu kufika vidoleni.

Kazi inayorudia mwendo mmoja

Mchuma chai hukunja na kukunjua vidole na kifundo mara maelfu kwa siku moja. Vivyo hivyo kwa mchuma maua ya pareto, mpandikiza mpunga wa Mbarali, mfugaji wa Rungwe anayekamua ng'ombe kwa mikono, fundi cherehani, msusi, na wanawake wa Iringa wanaosuka vikapu vya milulu ambavyo uzuri wake hutegemea kukaza kila mzunguko. Nyumbani kazi haiishi: kusonga ugali, kukamua nguo, kubeba maji, kunyanyua mtoto. Ni rahisi kusahau kwamba mkono uliochuma chai kutwa ndio unaoshika mwiko jioni.

Kano zinazosuguana hivyo huvimba. Zile za dole gumba zikiathirika, maumivu huwa upande wa dole gumba na huzidi mtu anapokamua kitambaa au kunyanyua mtoto kwa kumshika makwapani. Mama aliyejifungua karibuni hupatwa sana na hali hii. Jaribio lake ni jepesi: funga dole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali yanayochoma kwenye kifundo huashiria tatizo hilo, lililoelezwa na daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka 1895. Tiba huanza kwa kupumzisha dole gumba kwa kibao maalumu na dawa za kupunguza uvimbe. Wasiopona huweza kuchomwa sindano mahali penyewe, na wachache hufanyiwa upasuaji mdogo.

Neva inapobanwa ndani ya handaki, dalili ni tofauti. Mgonjwa huamka usiku vidole vikiwa na ganzi na kuchomachoma, akaukung'uta mkono ili upate nafuu. Kidole cha mwisho hakiguswi, kwa kuwa neva yake haipiti humo. Alama hiyo ndogo humsaidia sana mganga. Baadaye vitu huanza kudondoka mkononi, na nyama iliyo chini ya dole gumba hunywea. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, na hatari huongezeka kwa wajawazito, wenye kisukari, wenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo na wenye uzito uliozidi. Kwa wajawazito ganzi hiyo mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Kwa wengine, kibao cha kukinyoosha kifundo wakati wa kulala kwa takriban wiki 6 husaidia katika hatua za mwanzo. Nyama ikishaanza kunywea, kusubiri hakufai tena: upasuaji wa kulegeza handaki ndio unaookoa kilichobaki.

Wakata miti na wapasua mbao wa eneo la Sao Hill wanastahili kutajwa peke yao. Misumeno ya mnyororo, au chenso kama wenyewe wanavyoiita, hutetemesha mikono kwa saa nyingi. Mtetemo huo huumiza neva na mishipa midogo ya damu, na kwa wafanyakazi hawa ndipo baridi inapokuwa na neno: asubuhi ya ubaridi vidole vyao huweza kuwa vyeupe na kufa ganzi. Glavu za kutia joto, mashine inayotunzwa vizuri na kupokezana zamu ni kinga ya lazima.

Wengine huona uvimbe laini wa mviringo nyuma ya kifundo. Mara nyingi ni kifuko cha majimaji kisicho na madhara, na vingi hutoweka vyenyewe. Kukipasua kwa kukipiga kwa kitu kizito, kama ilivyofanyika zamani huko Ulaya, kunaweza kuvunja mfupa.

Baridi yabisi ya kweli

Ugonjwa huo upo, na hushika vifundo vya mikono yote miwili kwa pamoja, mara nyingi na viungo vya vidole. Mgonjwa huamka akiwa amekakamaa kwa saa nzima au zaidi, na hali hudumu kwa wiki kadhaa. Chanzo chake ni kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe, wala si hali ya hewa. Dawa za kuudhibiti, kama methotreksati, hufaa zaidi zikianzwa mapema kabla viungo havijaharibika, na hutolewa kwa uangalizi wa daktari. Jongo, lijulikanalo kama gauti, huanza ghafla, aghalabu kwenye kidole gumba cha mguu, lakini kifundo cha mkono hakisalimiki.

Kiungo kilichovimba, chenye joto na kinachoambatana na homa kinahitaji daktari siku hiyo hiyo, kwani usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Uvimbe unaokua polepole kwa mtu anayepungua uzito na kutokwa na jasho usiku unataka uchunguzi wa kifua kikuu, ambacho hushambulia pia mifupa na viungo.

Huduma ya kwanza na dawa

Baada ya kuumia, vua pete, bangili na saa mara moja, kwa maana dakika chache baadaye uvimbe utazuia. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20 na urudie mara kadhaa katika siku mbili za mwanzo. Uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Utulize kifundo kwa kipande cha boksi gumu kilichofungwa bila kukazwa. Mafuta ya moto na kuchua havifai siku hizo. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vya ganzi, mfupa ukichomoza au kifundo kikipinda, usingoje kesho.

Kwa mtu mzima, parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni hazifai kutumiwa ovyo na wenye vidonda vya tumbo, wenye maradhi ya figo wala wajawazito. Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa deksamethasoni na prednisoloni. Maumivu hupotea upesi na mtu huziamini, kumbe zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu.

Mpini, kikapu na zamu

Kanuni ya kazi ni moja: kifundo kikae kikiwa kimenyooka sawa na kigasha kadiri inavyowezekana. Mpini wa jembe ulio mwembamba mno hulazimisha kukaza ngumi. Ulio mfupi humkunja mtu mgongo na kifundo pamoja. Jembe na mundu vyenye makali hupunguza nguvu inayotumika. Dereva wa bodaboda anaweza kumwomba fundi ashushe au apandishe mikono ya breki na klachi ili asikunje kifundo safari nzima. Kubadilisha kazi kila baada ya muda, mathalani kuchuma kisha kubeba kisha kupalilia, kunafaa kuliko pumziko moja refu la mchana.

Matibabu na haki ya mfanyakazi

Maumivu yasiyopungua ndani ya siku 7 hadi 10, au ganzi inayorudi kila usiku, yapelekwe zahanati au kituo cha afya, ambako mgonjwa atapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya kwa eksirei. Juu yake zipo hospitali za rufaa za mikoa ya Iringa na Mbeya, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayohudumia Nyanda za Juu Kusini. Mgonjwa aliyevuliwa plasta aulizie fiziotherapia, kwa kuwa kifundo kilichofungwa wiki nyingi hakirudi kazini chenyewe.

Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2010, linatambua kuvimba kwa kano za kifundo na kubanwa kwa neva kutokana na kazi kuwa magonjwa ya kazi. Nchini, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi, nayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi imeanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao huchangiwa na mwajiri bila mfanyakazi kukatwa mshahara. Mkulima anayejiajiri hayumo katika utaratibu huo, lakini aliyeajiriwa katika shamba la chai au kiwanda cha mbao yumo. Amweleze mwajiri wake kwa maandishi mara dalili zinapoanza, na anapomwona daktari ataje kazi anayoifanya, mkono anaoutumia, saa anazofanya kwa siku na tarehe maumivu yalipoanza, ili hayo yaandikwe kwenye cheti chake.