Kitanda kinachojificha ukutani: Asili yake na tahadhari zake

KITANDA cha futi nne kwa sita hutwaa futi 24 za mraba. Katika chumba chenye futi 10 kila upande, hiyo ni karibu robo ya sakafu nzima, nayo imekaliwa na kifaa ambacho kazi yake hasa ni ya usiku. Mchana kitanda hicho hugeuzwa kiti cha wageni, meza ya watoto ya kufanyia kazi za shule na mahali pa kurundikia nguo zisizopigwa pasi.

Kitanda cha kusimamishwa ukutani hubadili hesabu hiyo. Kikiinuliwa hubaki na kina cha futi moja na nusu hivi, yaani futi sita tu za mraba. Futi 18 hurejea mikononi mwa mwenye chumba hadi jioni.

Wengi hudhani samani za aina hii ni uvumbuzi wa juzi. La hasha. Mnamo Julai 14, 1885, Sarah E. Goode, Mmarekani mweusi aliyekuwa na duka la samani jijini Chicago, alipewa hataza ya kitanda cha kabati, akawa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kabisa kupata hati hiyo ya kulinda uvumbuzi nchini Marekani. Kitanda chake kilipokunjwa kilikuwa dawati la kuandikia. Chicago ya wakati huo ilikuwa ikifurika wahamiaji waliobanana katika vyumba vya kupanga, na kilichowafaa ni samani moja ya kufanya kazi ya mbili. Goode alizingatia mambo ambayo fundi wa leo hawezi kuyakwepa: uzani usawazishwe ili mtu akikunje bila kutumia nguvu nyingi, sehemu zilizokunjwa zisifunguke zenyewe, na katikati pawe na mhimili wa ziada kitanda kinapokunjuliwa. Shule moja ya upili jijini Chicago, iliyofunguliwa 2012, ina jina lake.

Hata hivyo, aliyevuma zaidi ni William Lawrence Murphy wa San Francisco. Inasimuliwa kwamba aliishi katika chumba kimoja huku akimchumbia mwimbaji wa opera, na desturi za siku hizo hazikumruhusu binti kuingia chumba cha kulala cha mwanamume. Kitanda kilipofichwa, chumba kikawa sebule. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini hataza alizopewa zipo. Jina lake lilizoeleka mno hivi kwamba mwaka 1989 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kuwa limekuwa jina la kawaida la kitanda cha aina hiyo, wala si mali ya kampuni moja.

Siri ya kitanda hiki ni usawa wa uzani. Fremu hushikwa na egemeo karibu na upande wa kichwani, na springi au mitungi ya gesi, kama ile inayoinua buti ya gari, hubeba sehemu kubwa ya uzito. Godoro likibadilishwa likawekwa zito zaidi, nguvu ya springi haitoshi tena na kitanda huteremka kwa kishindo. Likiwa jepesi kupita kiasi, hugoma kukaa chini. Kwa hiyo godoro hununuliwa kwanza, springi baadaye.

Hatari kubwa zaidi ni kung'oka ukutani. Mnamo Aprili 2022 mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa zaidi ya vitanda 100,000 vya aina hii, baada ya baadhi kujitenga na ukuta na kuwaangukia watu. Kifo kimoja kiliripotiwa. Ukuta wa mawe huweza kushika bolti ndefu barabara, mradi zipenye plasta hadi ndani ya jiwe lenyewe. Ukuta wa mbao nyembamba au wa bodi ya kugawia chumba haufai kabisa, na seremala anayesema utafaa hajakiinua kitanda hicho mwenyewe.

Kwa mpangaji kuna kikwazo kingine: mwenye nyumba huenda asikubali ukuta utobolewe, na anayehama mara kwa mara hana faida ya samani iliyofungwa mahali pamoja. Huyo anafaa kutafuta kitanda chenye droo chini yake, au kochi la kukunjua, ambavyo havihitaji ukuta.

Katika ofisi ndogo, ubao wa meza uliofungwa bawaba na kushikiliwa na vyuma viwili vya pembe ni rahisi zaidi na humalizwa na fundi kwa siku moja. Kina cha futi moja na nusu hutosha kompyuta ya kupakatwa na daftari. Asitundikiwe mtu rafu nzito juu ya kichwa chake anapoketi, na soketi ya umeme isifunikwe ubao unapoteremshwa.

Yote hayo hupimwa chumba kikiwa na vitu vyake ndani. Mlango ufunguliwe hadi mwisho, kitanda kichorwe kwa chaki sakafuni kama kilivyo kikiwa wazi, kisha mtu apite usiku, taa zikiwa zimezimwa.