Gunia, majani na chupa: somo kutoka Ahero

UZI 🧵

1/ Kila kampeni, mbolea hupanda jukwaani kabla ya mgombea. Huyu anasema, "Tutashusha bei ya gunia." Yule naye, "Achaneni na kemikali, Mungu ametupa majani." Kabla hujachagua timu, twende Ahero kwanza.

2/ Mradi wa mpunga wa Ahero ulianza 1969. Maji huvutwa kutoka Mto Nyando kwa pampu za umeme, si kama Mwea ambako yanateremka yenyewe. Maji, mbegu, mbolea: vyote vililetwa na bodi ya serikali, gharama ikakatwa kwenye mavuno. Mkulima alilima, hesabu ikafanyiwa ofisini.

3/ Miaka ya 1990 soko likaachiwa huru. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pampu zikanyamaza, na mashamba yakalala miaka kadhaa kabla ya mradi kufufuliwa. Watu wa Kano wakaonja maana ya kutegemea mkono mmoja.

4/ Wakati huohuo, upande wa pili wa Kisumu, watafiti wa Maseno walikuwa wanapima mmea unaoota bure kwenye ua na kando ya barabara: tithonia, yale maua ya njano yenye asili ya Mexico. Majani yake makavu yana takriban 3.5% nitrojeni. Ukiyafukia shambani yanaoza haraka, na mahindi yanaitikia.

5/ Sasa piga hesabu. Gunia la yurea la kilo 50 lina kilo 23 za nitrojeni. Ukitaka kiasi hicho kwa tithonia, unahitaji karibu kilo 660 za majani MAKAVU. Mabichi ni uzito mara kadhaa. Nani anakata? Nani anabeba? Ndiyo maana ililipa zaidi kwenye sukuma wiki kuliko kwenye mahindi. Hiyo "bure" ilikuwa na bei yake, nayo ni mgongo wa mtu.

6/ Leo imekuja chupa: vichocheo vya mimea, dondoo za mwani, mlonge na kadhalika, unapulizia kidogo tu. Si uongo, lakini tuelewane. Mbolea ni chakula, kichocheo ni hamu ya kula. Kinasaidia mizizi kunyonya kilichomo udongoni na mmea kuvumilia ukame. Hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 inakitambua kwa kazi hiyo, si kwa virutubisho vilivyomo. Na sufuria ikiwa tupu, hamu haishibishi mtu.

7/ Timu gunia, msicheke. Ruzuku ilishusha gunia hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Mwaka 2024, magunia yasiyofikia kiwango yakapatikana ndani ya mpango huohuo, kashfa ikafika bungeni. Gunia na chupa zina ugonjwa mmoja: mkulima anajua kilichomo baada ya msimu kuisha.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akija, usimuulize "kemikali au asili?" Muulize: Udongo wetu utapimwa lini, na nani? Hii dawa imejaribiwa kwenye udongo mweusi wa Kano, nusu shamba nayo, nusu bila? Isipofanya kazi, hasara ni ya nani?

9/ Tangu 1969, jibu la hilo swali la mwisho halijabadilika: hasara ni ya mkulima. Hapo ndipo mjadala unapaswa kuanzia.